Kanuni mpya za uvuvi wa burudani kwenye mwalo wetu: tubane urefu, idadi au msimu?

Katibu_Mwalo

Salaam wadau wa uvuvi.

BMU yetu, yaani kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi mwaloni, iko pwani ya Muheza, na mwaka huu tunaandika upya kanuni zetu. Za zamani ziliandikwa kwa ajili ya nyavu, madema, kokoro na baruti. Kuhusu mtu anayekuja na fimbo kuvua kwa kujifurahisha hazisemi kitu, na watu hao wameongezeka. Mwisho wa juma wanatoka Tanga mjini na fimbo zao, wengine ni wageni wa hotelini wanaokodi boti kwa nusu siku. Wenye boti wanapata riziki ya halali hapo na hatutaki kuikata. Wavuvi wa mshipi kwa upande wao wanalalamika kwamba chewa wa mwamba wa nje wanaisha, na kwamba mgeni anarudi na tenga zima la changu ambao hana haja nao.

Rasimu iliyo mezani inasema hivi: samaki yeyote aliye chini ya sm 30 arudishwe baharini, fimbo zipigwe marufuku kuanzia Novemba hadi Machi ili samaki wazae, kila mgeni alipe ada mwaloni, na asichukue zaidi ya kilo 10 kwa siku.

Kikao cha wanachama kiko karibu. Naomba kujua: hiyo sm 30 inafaa? Kufunga msimu mzima ni sawa? Na samaki anayerudishwa anaishi kweli, au tunamtupa mzoga baharini na kujisifu? Naomba majibu yenye vipimo, maana kikaoni watakaa watu wanaoijua bahari kuliko karatasi, na neno la jumlajumla halitapita.

---

Mizani_ya_Chewa

Waalaykum salaam, Katibu. Nianze na hiyo sm 30, kwa sababu ndiyo itakayowaletea ugomvi mkubwa.

Kipimo kimoja kwa samaki wote kinawaonea wadogo wasio na kosa na kuwaachia wakubwa ambao bado ni watoto. Chukua tasi. Huyu hutaga akiwa hajafika sm 25, na wengi wanaopanda chomboni hawafiki sm 30 maisha yao yote. Ukiweka sm 30 umempiga marufuku tasi bila kumsaidia chochote. Halafu mtazame kolekole mkubwa wa mwambani. Wa sm 30 ni kinda kabisa, kwani huanza kukomaa akikaribia sm 60. Nguru ndiyo zaidi: majike wengi huanza kutaga wakikaribia sm 80. Kwa rasimu yenu, mgeni anaweza kujaza kilo zake 10 kwa nguru wa sm 45 na akawa hajavunja kanuni hata moja.

Chewa ana jambo lake la pekee. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na wachache kati yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Kwa hiyo ukivua wakubwa tu mwaka hadi mwaka, mwamba unabaki na majike tele na madume haba, mayai yanakosa wa kuyarutubisha. Kipimo cha chini peke yake hakitibu hilo, na pengine kinalizidisha, kwa kuwa kinamsukuma kila mvuvi amtafute mkubwa. Dawa yake ni dirisha: kuna urefu wa chini na urefu wa juu, samaki wa katikati ndiye anayechukuliwa. Queensland kule Australia wanafanya hivyo kwa samaki aitwaye barramundi, anayeruhusiwa ni kuanzia sm 58 hadi 120. Yeye huanza dume akamalizia jike, kinyume cha chewa, lakini hesabu ni ile ile: wakubwa ndio wanaobeba kizazi.

Mapendekezo yangu kwa mwalo wenu: chewa wa jamii kubwa sm 50 hadi 75, mmoja kwa mvuvi na wasizidi wawili kwa boti. Kolekole mkubwa sm 60, mmoja. Nguru sm 80, mmoja kwa mvuvi, watatu kwa boti. Changu sm 25, watano. Tasi sm 22, kumi. Vile vichewa vidogo vyekundu vyenye madoa ya buluu viwekeni fungu lao, msiviingize kwenye sm 50, maana havitafika huko. Na chewa yule anayemzidi mtu kwa uzito arudi majini siku zote, hana mjadala.

Kuhusu kilo 10, nashauri mwifute. Kwanza inahitaji mizani kila boti inaporudi. Pili, na hili ndilo baya, inamfundisha mvuvi kubadilisha: asubuhi anaweka changu wa kawaida kwenye barafu, saa nne anapata wakubwa, anawatupa wale wa asubuhi wakiwa wameshakufa ili mizani isizidi. Hesabuni vichwa. Na andikeni kabisa kwamba samaki akishawekwa kwenye barafu au kamba amehesabiwa, habadilishwi.

---

Mrambazaji

Naunga mkono hayo ya juu. Mimi niseme la msimu.

Novemba hadi Machi ni kaskazi. Bahari imetulia, maji ni meupe, na ndipo wageni wanapokuja. Kufunga fimbo miezi yote mitano ni kufunga biashara ya boti yenyewe, kwa sababu kusi likichachamaa hakuna mgeni wa nusu siku atakayetoka nje ya mwamba. Isitoshe, anayerambaza, yaani anayevuta chambo nyuma ya boti inayotembea, akitafuta nguru, jodari au sulisuli kwenye maji ya nje hamgusi chewa. Chambo chake kinapita juu, mwendo wa noti 5 hadi 8 (kama kilomita 9 hadi 15 kwa saa), na chini yake kuna mita mia na zaidi. Marufuku inayomfunga huyu kwa kosa la anayeshusha chubwi (uzito wa kuzamishia ndoana) mwambani haitatetewa na mtu yeyote kikaoni.

Chewa wanachohitaji ni siku chache zenye ukali. Mikusanyiko ya kuzaliana ya chewa iliyochunguzwa kusini mwa Kenya na Shelisheli hutokea miezi ya kaskazi, karibu na mwezi mwandamo. Wanatoka miamba ya mbali na kukusanyika sehemu moja, wengi kwa mpigo, wana njaa na hawana woga. Boti moja yenye fimbo nne ikiwakuta hapo inaweza kuondoa kwa asubuhi moja chewa waliotoka eneo zima la mwamba. Ndiyo maana Queensland wanafunga uvuvi wa samaki wa miamba siku tano za Oktoba na siku tano za Novemba, zikizunguka mwezi mwandamo, wala si miezi mitano.

Kwa kwenu ningeandika hivi: Desemba, Januari na Februari, kuanzia siku tatu kabla ya mwezi kuandama hadi siku tatu baada, ni marufuku kushusha chubwi mwambani kwa fimbo au mshipi wa burudani, kurambaza nje ya mwamba kunaruhusiwa. Kalenda ya mwezi kila mvuvi anayo kichwani kwa ajili ya bamvua, kwa hiyo hamtahitaji kumfundisha mtu tarehe. Ila kila mwaka mpya bandikeni tarehe zenyewe ubaoni, maana mgeni wa mjini hatazami mwezi. Na wazee wanaojua chewa wanakusanyika mwamba gani wasilazimishwe kuutaja kwenye kanuni zitakazobandikwa hadharani. Fungeni eneo pana ambalo ndani yake mwamba huo umo.

---

Kanuni_na_Sheria

Wadau, kabla ya kwenda mbali, lazima mjue mipaka ya mamlaka. Rasimu nzuri nyingi zimefia hapo.

Sheria mama ni Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, na Kanuni za Uvuvi za 2009 pamoja na marekebisho yake. BMU inaweza kuwa kali kuliko hizo ndani ya eneo lake, lakini haiwezi kulegeza. Mfano pweza: taifa linasema asivuliwe aliye chini ya gramu 500. Hamuwezi kumruhusu mgeni achukue wa gramu 400 kwa kuwa eti ni wa kitoweo. Bunduki ya kuchomea samaki nayo imekatazwa na kanuni za taifa, kwa hiyo msiiwekee ada wala idadi, andikeni tu kwamba hairuhusiwi.

Leseni ya uvuvi wa burudani haitolewi na BMU, inatolewa kwa utaratibu wa Idara ya Uvuvi kupitia afisa uvuvi. Kazi yenu ni kukagua kama mgeni anayo. Ada ya mwaloni inawezekana, ila ikiwa tu imo kwenye sheria ndogo iliyoidhinishwa na inalipwa kwa stakabadhi ya mfumo wa serikali. Ada inayokusanywa kwa daftari la mkono, hata ikitumika vizuri, itaangusha kanuni zote siku mtu akiipinga.

Njia ya kuipitisha: kwenu Muheza kuna vijiji, kwa hiyo halmashauri ya kijiji inaandaa sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, kisha baraza la madiwani la wilaya linaiidhinisha. Wenzenu wa Tanga Jiji hawana njia hiyo. Mtaa hautungi sheria ndogo. Wao inabidi itungwe na Halmashauri ya Jiji na kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Nasema hivi kwa sababu mkitaka kanuni moja kwa miamba mnayovua pamoja na watu wa Tongoni, upande wao utachukua muda mrefu zaidi, anzeni mapema.

Sehemu ya bahari yenu ikiwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (yule samaki adimu wa maji marefu), iliyotangazwa 2009, hapo kuna mamlaka nyingine kabisa, Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kwa Sheria Na. 29 ya 1994. Kanuni zenu zisikinzane na mpango wao wa maeneo. Peleka rasimu kwao kabla ya kikao, isiwe baada.

La mwisho kwa upande wangu: elezeni "uvuvi wa burudani" ni upi. Tafsiri rahisi inayosimama ni hii: samaki wake hauzwi wala habadilishwi kwa kitu. Akiuza hata mmoja pale mwaloni, huyo ni mvuvi wa biashara na anafuata leseni ya biashara. Bila mstari huo, kila aliyekamatwa atasema yeye ni wa upande wa pili.

---

Mshipi_Mkononi

Mimi nina neno la upande wa wavuvi wa mshipi, msinielewe vibaya.

Mnapanga dirisha la chewa kwa mgeni, na mvuvi wetu wa ngalawa je? Yeye anashusha ndoana mwamba ule ule. Mkimwambia arudishe chewa wa sm 80, mnamwambia arudishe ada ya mtoto shule. Na mkimwachia yeye huku mkimkataza mgeni, mgeni atamlipa amvulie. Hilo litatokea, naliona wazi.

Kuna na mwanya mwingine. "Mmoja kwa mvuvi": boti ina wageni wawili, nahodha na kijana wa chambo. Watasema wavuvi ni wanne. Hapo watadai chewa wanne badala ya wawili.

---

Mizani_ya_Chewa

Kaka, hoja zote mbili ni za kweli.

Huo wa pili ni rahisi: kwenye safari ya kukodi, nahodha na wasaidizi wake hawana fungu. Wanaohesabiwa ni wageni walioandikwa kwenye daftari kabla boti haijaondoka, na kikomo cha boti kinabaki pale pale hata wageni wakiwa wanane. Queensland, tangu Julai 2023, nguru ni mmoja kwa mtu, na boti yenye wavuvi wawili au zaidi haipiti wawili. Walipunguza kutoka watatu kwa mtu kwa sababu nguru walikuwa wamepungua mno. Kikomo cha boti ndicho kinachoziba mwanya, cha mtu peke yake hakizibi.

Kuhusu mvuvi wa ngalawa, mimi sioni haki kumwekea dirisha la juu mwaka wa kwanza. Kipimo cha chini na zile siku saba za mwezi mwandamo zimhusu kila mtu, wa biashara na wa burudani, la sivyo hazina maana kwa samaki. Dirisha la juu na idadi zianze kwa burudani. Na hilo la mgeni kumlipa mvuvi amvulie linaingia kwenye tafsiri aliyoitoa mdau wa sheria: samaki akilipiwa si wa burudani tena.

---

Ndoana_Duara

Katibu uliuliza kama samaki anayerudishwa anaishi. Jibu linategemea kina alichotoka, ndoana iliyomshika, na muda aliokaa nje ya maji. Nitakaa sana kwenye kina kwa sababu hapo ndipo kanuni nyingi za urefu zinapofeli bila mtu kujua.

Chewa na changu wana kifuko cha hewa tumboni. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa ya juu. Samaki wa mita 30 ana hewa iliyobanwa mara nne. Ukimpandisha haraka, hewa ile inapanuka mara nne ndani ya mwili ambao hauna pa kuiweka. Dalili utaziona: tumbo gumu, macho yametoka, utumbo unachungulia nyuma, na mdomoni kinajitokeza kitu chekundu au cheupe kama puto. Hicho watu hudhani ni ulimi au kifuko chenyewe, wanakitoboa kwa kisu. Ni tumbo la chakula lililosukumwa nje. Ukilitoboa umemuua. Na ukimtupa majini vile alivyo ataelea juu, hawezi kuzama, jua na ndege watammaliza.

Sasa tazama maana yake kwa kanuni. Kwenye maji ya kina kisichofika mita 15 hivi, kipimo cha urefu kinafanya kazi, kwa sababu unayemrudisha ana nafasi nzuri ya kuishi. Kwenye mita 40 kipimo cha urefu bila kifaa cha kumshusha samaki ni kuzalisha mizoga. Kwa hiyo katika maji marefu wekeni uzito kwenye idadi: boti ikifikisha chewa wake wawili, iinue chubwi na kuondoka mwamba ule, isiendelee "kuvua na kurudisha". Na kila boti ya burudani inayovua kwenye kina kinachozidi mita 20 iwe na kifaa cha kushushia, kikiwa tayari kimefungwa kabla chubwi ya kwanza haijazama. Kikiwa kwenye sanduku chini ya viti hakitatumika.

Vifaa viwili vinatengenezeka hapa hapa bila gharama.

Cha kwanza ni ndoana iliyogeuzwa. Chukua ndoana kubwa, bana kile kimeno chake kwa plaizi mpaka kilale kabisa. Uzi wa kuvutia fungia kwenye mkunjo wa ndoana, si kwenye tundu. Kwenye tundu ning'iniza chubwi ya kilo 1.5, inatosha kwa samaki wa kilo 3 au 4. Mpitishie ncha kwenye ngozi nyembamba nyuma ya mdomo wa chini, mara nyingi tundu la ndoana iliyomkamata lipo tayari, tumia hilo hilo. Mwachie azame kichwa kikitangulia. Akifika chini, vuta uzi kwa mkupuo mmoja: ndoana inachomoka kwa sababu mvuto sasa umetoka upande wa mkunjo. Kinachoharibu ni mawili: kimeno hakikubanwa vizuri, au chubwi ni nyepesi na samaki anaelea nayo. Akishindwa kuzama mita mbili za kwanza, ongeza uzito hapo hapo.

Cha pili ni kreti ya soda, nzuri wakipanda wengi kwa pamoja. Igeuze mdomo uwe chini. Funga kamba katikati ya kitako, ambacho sasa kiko juu, na kwenye kona nne za mdomo funga vyuma au mawe, jumla kilo 8 hadi 10, ilale sawa isipinduke. Samaki mwingize kwa chini, ataelea na kujibana kwenye kitako. Shusha taratibu. Mgandamizo ukirudi, hewa inasinyaa, naye anatoka mwenyewe kwa chini. Kama kina ni mita 30, mfikishe chini kabisa ikiwezekana, au angalau nusu yake.

Ndoana: andikeni ndoana za duara kwa chambo cha asili, zile ambazo ncha yake inatazama shina, na zisiwe zimepindishwa ubavu. Samaki anaimeza, ukikaza uzi inateleza kutoka kooni na kunasa pembe ya mdomo. Masharti yake ni kwamba mvuvi asiinyanyue fimbo kwa nguvu akihisi mguso. Akifanya hivyo ndoana inatoka patupu, naye atasema ndoana hizi hazifai. Akaze taratibu, samaki anajinasa. Ndoana iliyopindishwa ubavu inapoteza faida hiyo, inanasa kooni kama ya kawaida. Kwa chambo bandia, zile ndoana za meno matatu zitolewe, iwekwe moja nyuma. Na akinasa ndani sana, msichimbue: kata uzi karibu na ndoana, mrudisheni. Ndoana ya chuma cha kawaida italika kwa kutu, ya chuma kisichoshika kutu haitalika, kwa hiyo katazeni hizo.

Mikono iwe imeloa kabla ya kumgusa, ute wa ngozi ndiyo kinga yake. Asibebwe kwa matamvu wala kuning'inizwa kwa taya akiwa mzito, ashikwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo. Picha ipigwe, lakini mpiga picha awe tayari kabla samaki hajatoka majini. Sulisuli asipandishwe chomboni kabisa: shika upanga wake, boti iende polepole maji yapite kwenye matamvu mpaka aanze kupiga mkia mwenyewe. Papa na taa wasivutwe kwa mkia.

---

Katibu_Mwalo

Shukrani sana, wakuu, mmenifungua macho. Hilo la kina hatukuwa tumelifikiria hata kidogo.

Nina mambo matatu yamebaki. Moja, nani atapima na atapima vipi bila ugomvi? Pili, tuna vijana wameanza kuja na mashine za umeme za kushusha chubwi kwenye maji marefu sana, nje kabisa. Tuziruhusu? Tatu, tutajuaje baada ya mwaka kama kanuni zimesaidia?

---

Mrambazaji

Hilo la pili, kwa pwani hii msichelewe. Silikanti wamekuwa wakinaswa maji marefu ya Tanga tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wengi kwa nyavu za jarife za kina kirefu, na hifadhi ilianzishwa kwa ajili yao. Mashine ya umeme inamrahisishia mtu wa burudani kufika kina kile kile kwa kubonyeza kitufe. Silikanti hana hewa kwenye kifuko chake, kina mafuta, kwa hiyo hapasuki kama chewa. Kinachomuua ni kuchoka na maji ya juu yenye joto ambayo kwake yana oksijeni kidogo. Akiinuliwa mpaka juu, kreti ya soda haimsaidii kwa uhakika. Wekeni kikomo: hakuna kuvua kwa chubwi kwenye kina kinachozidi mita 60 kwa burudani, na mashine za umeme marufuku. Kurambaza juu ya maji hayo hakuna tatizo. Akitokea kunaswa, uzi ukatwe akiwa bado majini na taarifa iende hifadhi siku hiyo hiyo.

---

Mizani_ya_Chewa

Kupima. Tengenezeni ubao wa mbao ngumu, urefu mita 1.2, upana sm 20. Mwanzoni pigilieni kipande cha kusimama wima, kimo sm 10, na sifuri ianzie kwenye uso wa ndani wa kipande hicho. Kosa linalotokea kila mahali ni kubandika futi ya karatasi au ya plastiki: inaanza milimita kadhaa mbele ya kipande, au inanywea kwa chumvi na jua, na samaki wa sm 49 anasomeka 50. Kateni mistari kwa msumeno kila sm 5, mjaze rangi. Kisha mistari myekundu minene kwenye 22, 25, 50, 60, 75 na 80, pembeni mchoro wa samaki husika. Mchoro unamaliza mabishano kuliko jina, kwa sababu changu wa Tanga na changu wa mgeni wa Arusha si lazima wawe samaki mmoja.

Samaki alale ubavu, mdomo umefungwa na unagusa kipande. Nguru na kolekole wasomwe kwenye panda ya mkia, maana ncha za mkia hukatika. Chewa mkia wake ni wa mviringo, msome mwisho wa mkia. Futi ya fundi cherehani isitumike juu ya mwili, inafuata mbinuko wa tumbo na kuongeza urefu. Boti kila moja iwe na ubao wake mdogo, kwa sababu uamuzi wa kurudisha unafanywa baharini. Ubao wa mwaloni ni wa kuhakiki.

Lazima samaki afike mwaloni na kichwa na mkia. Kutumbuliwa sawa, kukatwa minofu baharini hapana, maana minofu haipimiki. Samaki wa kwenye barafu hupungua urefu kidogo, kwa hiyo mpimaji aachie nusu sentimita, na hilo liandikwe ili isiwe huruma ya mtu mmoja kwa jamaa yake.

Kuhusu kujua kama imesaidia: daftari moja, mstari mmoja kwa safari. Tarehe, boti, idadi ya wageni, saa za kuvua, eneo kwa herufi, kina, waliochukuliwa kwa aina na urefu, waliorudishwa kwa aina, na wangapi kati yao waliondoka wakielea. Hiyo safu ya mwisho msiiache, ndiyo itakayowaambia kama vifaa vya kushushia vinatumika. Kisha gawanyeni idadi ya chewa, waliochukuliwa pamoja na waliorudishwa, kwa saa za kuvua zidisha idadi ya wageni. Nambari hiyo ndiyo mnayolinganisha kaskazi kwa kaskazi. Msilinganishe kaskazi na kusi, na msilinganishe jumla ya samaki, kwa sababu wageni wakiongezeka jumla itapanda hata mwamba ukiwa unaisha.

Kwa urefu, mkipata vipimo mia moja vya chewa kabla ya kanuni kuanza, mtakuwa na cha kulinganishia. Anzeni kupima hata kabla ya kikao, hakuhitaji sheria ndogo kumwomba mtu alaze samaki wake ubaoni.

---

Kanuni_na_Sheria

Nyongeza ndogo kwenye daftari: mgeni na nahodha wote wawili waweke saini safari ikirudi. Na kwenye sheria ndogo vipimo viwekeni kwenye jedwali la nyuma, lenye kifungu kinachotaka jedwali lipitiwe kila mwaka mwezi Septemba, kabla ya kaskazi. Kulibadilisha bado kutapita mkutano wa kijiji na baraza la madiwani, lakini mtakuwa mnajadili nambari chache, hamfungui sheria nzima upya.

---

Mshipi_Mkononi

Katibu, hiyo siku ya kikao uje na ubao na kreti, uviweke mbele ya watu. Na yale maji ya kina kidogo, ule mwamba mnaoufunga kwa muda ili pweza wakue, wageni huutembelea kwa miguu maji yakitoka bamvua na ndoana ndogo za kuvutia pweza. Liandikeni hilo pia: mwamba ukifungwa kwa pweza, umefungwa kwa wote, na siku ya kufungua mgeni aingie baada ya wanawake wa kijiji kumaliza zamu yao ya kwanza.